Fundi wa maji kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Majibu haya ni ya kijana anayetaka ufundi wa maji uwe kazi yake, ya mjumbe wa kamati aliyechoka kupiga simu wilayani kila pampu inapogoma, na ya mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni kisimani. Nimeyaandika nikiamini jambo moja: maji ya kijiji hudumu pale anayeyatengeneza anapoishi karibu na kupata riziki kwa kazi hiyo.

Ziwa lipo hapa hapa. Kwa nini vijiji vyetu bado vina shida ya maji?

Kwa sababu ziwa liko chini na watu wako juu. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800 na hakuna ziwa kubwa kuliko hilo Afrika, lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Yanataka pampu, umeme, bomba, tenki na mtambo wa kuyasafisha, na kila kimoja kati ya hivyo kinataka mtu wa kukitunza. Kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya ziwa hili yanasukumwa hadi Shinyanga na Kahama, na yamekwishafika Tabora, Nzega na Igunga. Penye fedha na mafundi, umbali huo umeshindwa kuyazuia. Wakati huohuo kuna vitongoji vya Buchosa na Ukerewe ambako mtu analiona ziwa akiwa mlangoni kwake na bado anashuka na ndoo kichwani kwenda kuchota kwenye ufuko wenye mamba.

Ukienda ndani, Kwimba na sehemu za Magu zilizo mbali na ufuko, ziwa halionekani kabisa. Huko ni udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Watu wanategemea malambo, visima vifupi na mashimo wanayofukua kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Lambo moja linanyweshea ng'ombe na linachotewa maji ya kupikia. Dawa ya Ukerewe haitafaa Kwimba, na ndiyo maana tunamtaka fundi mwenyeji. Yeye anajua maji yanakimbilia wapi ifikapo mwezi wa tisa.

Si tunaweza kuchemsha tu maji ya ziwani?

Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo chemsha. Lakini kichocho hakisubiri uyanywe maji. Vimelea vyake vinatoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mguu wakati umesimama majini ukichota, ukifua au ukiogesha watoto. Kinachomkinga mtu ni kutoingia majini, yaani maji yamfuate yalipo makazi. Na pale maji yanapokuwa ya kijani kwa mwani, kama inavyotokea kwenye ghuba zilizotulia, kuna aina za mwani zenye sumu isiyoondoka kwa moto. Maji ya namna hiyo usiyanywe hata yakichemka saa nzima.

Serikali ina RUWASA. Kwa nini kijiji kihangaike na mafundi wake?

RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ilianzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019. Inasanifu, inajenga na inasimamia miradi ya vijijini. Lakini kazi ya kila siku, kufungua koki asubuhi, kukusanya fedha, kuziba bomba linalovuja, iko mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi wanaviita CBWSO. Chombo hicho ni chenu. Injinia wa wilaya ana vijiji vingi na magari machache. Koki ikikatika Jumamosi jioni, hawezi kuwa pale kabla maji hayajamwagika usiku kucha.

Historia nayo inafundisha. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji bure, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, ifikapo 1991. Nia ilikuwa njema na visima vingi vilijengwa, lakini lengo halikufikiwa, na vingi vilikufa kwa kukosa matengenezo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikabadilisha mwelekeo: mita 400 zilibaki, pamoja na lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250, ila watumiaji wakatakiwa kugharamia uendeshaji. Hata hivyo vituo vya maji vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikuwa havitoi maji. Fikiria fedha zilizolala pale. Kisima kilichochimbwa, kikajengewa, kikazinduliwa kwa ngoma, na sasa mbuzi wanakwaruza migongo yao kwenye mpini wa pampu.

Tulikuwa na HESAWA, na mafundi walifundishwa. Yale mafunzo yalifia wapi?

Ni swali la wazee, na ni swali zuri kuliko yote yaliyomo humu.

HESAWA, kwa maana ya afya kupitia usafi na maji, ilifadhiliwa na Sweden kuanzia 1985 hadi 2002 katika mikoa mitatu ya Kanda ya Ziwa: Kagera, Mara na Mwanza. Ilijenga visima vifupi, ikaboresha chemchemi na vyanzo vya asili, ikahimiza vyoo, na ikafundisha mafundi wa vijijini na wahudumu wa pampu. Kabla yake, kuanzia 1974, Uholanzi ilikuwa imesaidia mradi mkubwa wa visima vifupi Shinyanga. Kwa hiyo Usukuma haujawahi kukosa watu wanaojua kujengea kisima. Hata leo, ukiuliza vizuri, utaonyeshwa mzee anayeweza kufungua pampu ya Nira na kuifunga tena bila kuuliza mtu.

Kwa maoni yangu kilichokosekana ni soko la ujuzi wao. Mradi ulipokuwa unajenga, kazi zilikuwepo. Ulipofungwa, mnunuzi mkubwa wa kazi hizo aliondoka nao. Fundi akabaki na spana na sifa, bila mtu wa kumlipa. Mhudumu wa pampu alitegemewa kujitolea, na kujitolea kunaisha msimu wa kulima unapoanza. Vipuri navyo vilikuja na mradi, havikuwa dukani Misungwi wala Ngudu. Anayeanzisha mafunzo leo na aanzie hapo: kabla hajapanga darasa litakuwa la siku ngapi, ajiulize fundi huyu atalipwa na nani mwaka wa tatu, na mpira wa pampu atanunua duka gani.

Ni ufundi gani hasa unaohitajika vijijini?

Mwingi kuliko watu wanavyodhani, na si lazima mtu mmoja aujue wote.

Pampu za mkono zinakuja kwanza kwa sababu ndizo zinazoharibika mara nyingi na ndizo rahisi kujifunza. Kila pampu ina kina chake. Nira AF85 inavuta vizuri hadi takriban mita 15, ni ya visima vifupi. Afridev inafika mita 45 hivi, na ilibuniwa makusudi ili mwanakijiji aifungue kwa spana moja na kubadilisha mipira bila kung'oa mabomba yote. India Mark II inastahimili kazi nzito, lakini kuinua mabomba yake ya chuma kunahitaji vifaa na watu kadhaa. Kamati nyingi hupokea pampu bila kuuliza ni aina gani. Ulizeni, tena andikeni kwenye daftari, maana kipuri cha moja hakiingii kwenye nyingine.

Kuna ugonjwa mmoja wa pampu ambao fundi wa Kanda ya Ziwa lazima aujue. Maji mengi ya chini ya miamba yetu yana asidi kidogo. Yanakula bomba la chuma polepole, maji yanatoka ya rangi ya kutu, nguo nyeupe zinageuka njano na chai inakuwa nyeusi. Akina mama wanakiacha kisima na kurudi ziwani au lamboni, na wilayani kinaandikwa kuwa kinafanya kazi kwa sababu maji yanatoka. Fundi mwenye macho hupima asidi ya maji kabla ya kufunga pampu, na ikizidi anashauri mabomba ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Ushauri huo peke yake unaokoa kisima.

Baada ya pampu kuna ufundi bomba wa miradi ya mtiririko na magati (vituo vya bomba vya kuchotea maji), kufunga na kusoma dira za maji, kujenga matangi ya mvua, umeme wa jua, uchomeleaji, na uwekaji hesabu. Huu wa mwisho haufundishwi vya kutosha. Nimeona miradi ikifa bomba likiwa zima na daftari limechanika.

Naweza kuchimba kisima kwa mikono popote?

Hapana. Mwanza tunaijua kwa mawe yake. Mwamba uleule wa matale uliosimama majini pale karibu na Kamanga ndio uliolala chini ya mashamba mengi ya mkoa huu, pengine mita chache tu. Kuna njia za kutoboa kisima kwa nguvu za mikono ambazo ni nafuu sana: bomba la chuma lenye meno linapandishwa, linashushwa na kuzungushwa, huku maji yenye tope yakipandisha udongo nje. Kwenye mchanga, mfinyanzi na udongo laini wa mabondeni zinafika mita 30 na zaidi. Kwenye matale hazisogei. Anayekuahidi kutoboa jiwe kwa mikono anakula fedha yako.

Kwa hiyo fundi mzuri anaanza kwa kutembea. Anaangalia mabonde, anauliza ni visima gani havikauki kiangazi na vina kina gani, anatazama miti inayobaki ya kijani mwezi wa tisa. Penye mwamba ulio juu anakwambia ukweli: hapa tafuta mashine, au vuna mvua.

Sasa la usalama, na naomba mlisome mara mbili. Kuchimba kisima cha kuingia mtu kunaua. Udongo wa mchanga unaporomoka bila kupiga kelele, kwa hiyo shusheni pete za zege kadiri mnavyochimba, msisubiri mfike kwenye maji. Msiteremshe kamwe jenereta au pampu ya petroli ndani ya shimo ili kukausha maji. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaanguka kabla hajajua. Anayemfuata kumwokoa naye anaanguka. Mshumaa ukizimika shimoni ni ishara kwamba hewa haitoshi, lakini mshumaa kuendelea kuwaka hakuthibitishi kuwa moshi wa injini haupo. Anayeshuka awe amefungwa kamba, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu wasioondoka hata kwenda kuwasha sigara.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kikae upande wa chini wa mteremko.

Pampu ya kamba ni nini, na inafaa kwetu?

Ni kamba ya nailoni yenye vidude vya mpira au plastiki vilivyopangwa kwa nafasi sawa, inayopita ndani ya bomba la plastiki. Ukizungusha gurudumu, kila kidude kinapandisha maji yaliyo juu yake. Ilisambaa sana Nikaragua, na hapa Tanzania imepata mizizi Nyanda za Juu Kusini, ambako kituo cha mafunzo kilicho chini ya SHIPO mjini Njombe kimefundisha mafundi wadogo kutoboa visima kwa mikono, kutengeneza pampu za kamba na kuziuza wenyewe kama biashara.

Kinachonivutia ni kwamba mchomeleaji wa Magu au Sengerema anaweza kuitengeneza yote. Gurudumu linatokana na kingo za tairi kuukuu, mpini ni bomba, kamba iko duka la zana za uvuvi, na zana za uvuvi ndiyo mali ambayo mwambao huu haujawahi kukosa. Inavuta hadi mita 35 hivi. Kamba ikikatika, mwenye kisima anafunga nyingine mwenyewe.

Ila ni pampu ya familia, au ya nyumba kumi na kidogo. Ukiiweka katikati ya kijiji cha watu mamia itachoka haraka na watu watasema teknolojia haifai. Inafaa kwa mwenye bustani ya mboga, kwa shule ndogo, kwa kaya iliyo tayari kuchangia nusu ya gharama na majirani.

Mvua je? Kuvuna maji ya paa kunaweza kuwa kazi ya mtu?

Kunaweza, na kwenye visiwa na vilima vya mawe pengine ndiyo kazi ya kwanza ya kufikiria. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Mwanza inapata wastani wa karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 5 inapokea lita 40,000. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na kuvukizwa, zinabaki 32,000.

Tatizo ni kwamba hazinyeshi kwa mpangilio wa ndoo. Vuli na masika zinajaza. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba karibu hakuna kitu. Familia ya watu 5, ikitumia lita 10 kila mmoja kwa kunywa na kupika tu, inahitaji lita 5,000 kuvuka siku 100 za ukavu. Hiyo ndiyo saizi ya tenki ya kuongea na mteja, siyo kumuuzia dogo litakaloisha Julai. Fundi mwashi anayejua kujenga tenki la saruji na nyavu anaweza kulifanya kwa bei inayoshindana na la plastiki la dukani, maana mchanga, mawe na vibarua viko palepale. Ajifunze na kuweka bomba la kumwaga maji ya mvua ya kwanza, yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege, na kufunika tenki ili mbu wasizaliane.

Pampu za sola zinafaa?

Zinafaa sana pale kisima kina maji ya kutosha. Kupandisha lita 20,000 kwa siku kwenye kimo cha mita 30 kunahitaji kama uniti 4 za umeme ukihesabu na upotevu, na jua letu la saa 5 hivi za nguvu litazitoa kwa paneli zenye jumla ya kilowati 1 hivi. Lakini kabla ya kununua paneli, kisima kipimwe uwezo wake. Pampu kubwa kwenye kisima kidogo inanyonya tope na kuungua. Na pangeni ulinzi mapema. Nzengo, yaani umoja wa majirani wa kitongoji, ikishirikishwa tangu siku ya kufunga paneli, wizi unapungua kuliko kwa uzio.

Nikajifunze wapi?

VETA Mwanza iko Nyakato na vyuo vya VETA vimesambaa wilayani. Ulizia ufundi bomba, umeme na uchomeleaji. Anayetaka stashahada aangalie Chuo cha Maji, Dar es Salaam. Kama tayari una ujuzi wa mtaani lakini huna cheti, VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Usiupuuze, kwa kuwa chombo cha maji kinapoajiri kinauliza cheti.

Hata hivyo cheti hakikufundishi pampu ya kijiji chenu. Tafuta yule mzee wa enzi za HESAWA, mbebee spana mwaka mmoja. Na omba ofisi ya RUWASA ya wilaya ikuruhusu uwepo wakandarasi wanapofunga mradi kwenu. Anayelaza bomba kwa mikono yake anajua viungio viko wapi miaka kumi baadaye.

Sina mtaji. Nianzeje?

Anza na sanduku la spana, msumeno wa chuma, tepu ya bomba, gundi na baiskeli. Vifaa vikubwa, kama vya kuinulia mabomba, nunueni kwa kikundi. Kwenye halmashauri kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mtu wa kumwona kwanza. SIDO nao wana ofisi Mwanza na wanasaidia wajasiriamali wadogo wa viwanda. Kikundi cha mafundi watano wenye mkataba wa kazi mkononi kina nguvu zaidi mbele ya mkopeshaji kuliko kijana mmoja mwenye ndoto nzuri.

Nitapata wateja wapi? Pampu haiharibiki kila siku.

Hapa ndipo biashara inaposimama au kuanguka. Fundi anayelipwa kwa kila uharibifu anakaa njaa pampu zikiwa nzima, na zikiharibika kijiji hakina fedha taslimu. Wote wanaumia. Njia bora ni mkataba wa matengenezo: kijiji, au chombo cha maji chenye vijiji kadhaa, kinamlipa fundi kiasi kidogo kila mwezi, naye anaahidi kukagua kwa ratiba na kufika ndani ya siku zilizoandikwa kitu kikiharibika. Sasa faida yake inatokana na pampu kuwa nzima.

Jirani zetu Kenya wamejaribu. Huko Kyuso, Kitui, pampu za mkono zilifungwa vifaa vya kutoa taarifa za matumizi na mafundi wakapewa kazi ya kuzihudumia. Muda wa kusubiri matengenezo ukashuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku 3, na kutokana na uzoefu huo zikazaliwa huduma za mafundi wa kulipwa kwa mkataba, Kitui na Kwale. Sisi hatuhitaji hata vifaa hivyo kuanza. Simu ya msimamizi wa gati inatosha.

Mkataba wa kijiji kimoja haulishi familia. Wa vijiji kumi unaanza kulisha. Ongeza kazi za nyumbani: kuunganishia kaya maji, kufunga matangi, mabomba ya shule na zahanati, kambi za wavuvi. Na fungua kiduka cha vipuri. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mzigo kutoka mjini hadi Sengerema hausubiri tena kivuko, kwa hiyo hakuna sababu ya mpira wa pampu kukosekana ng'ambo. Ukerewe bado meli inaamua, na fundi wa kule aweke akiba kubwa zaidi.

Maji ni ya Mungu. Kwa nini tuyalipie?

Mungu ametoa maji. Bomba, koki na umeme tunanunua sisi. Tuchukue mfano. Gati linahudumia watu 250, kila mmoja anachota lita 20 kwa siku. Ni ndoo 250. Kwa shilingi 50 kwa ndoo, siku inaingiza 12,500 na mwezi 375,000. Masika yakinyesha mauzo yanaweza kushuka hata nusu, kwa hiyo msipange kwa hesabu ya kiangazi. Humo atoke msimamizi wa gati, umeme au mafuta, mkataba wa fundi, na akiba ya siku pampu itakapokufa kabisa. Akiba ndiyo watu hukata kwanza, nami naomba iwe ya mwisho kukatwa.

Wapo wasioweza kulipa: mzee anayeishi peke yake, mlemavu, kaya ya watoto. Mkutano wa kijiji uwataje na uwasamehe waziwazi. Hilo ni tofauti na kiongozi kuchota bure kwa sababu ya cheo.

Na fedha zikiliwa?

Malipo yapite kwenye mfumo wa serikali kwa namba ya malipo, au dira za malipo ya kabla pale zilipo. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa gati kila mwezi, kwa herufi kubwa. Watu wanaoona hesabu wanalipa.

Wanawake wanaweza kazi hii?

Wanaifanya. Mwanamke ndiye anayesimama kisimani kila siku. Anasikia mpini ukianza kuwa mgumu wiki mbili kabla pampu haijakufa. Kumwacha nje ya mafunzo ni kutupa taarifa. Kinachomkwamisha mara nyingi ni ratiba: mafunzo yanapangwa mjini kwa majuma mengi, naye ana mtoto mgongoni na chungu jikoni. Yapelekeni kijijini, yaanze baada ya kazi za asubuhi, na awepo wa kushika watoto. Tena wapeni spana. Nimekuta kamati nyingi ambazo mwanamke ni mweka hazina na hajawahi kuitwa kwenda kuona bomba likifunguliwa.

Naweza kuanzisha biashara ya kusafisha na kuuza maji ya kunywa?

Ndiyo, na Tanzania ina mfano wa kujivunia. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio linalochanganya mchanga na chembe ndogo sana zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Somo lake kwa mfanyabiashara mdogo ni hilo la mahali husika. Chujio la mchanga linapunguza tope na vijidudu, lakini haliondoi floraidi. Klorini inaua vijidudu ikiachwa dakika 30, lakini kwenye maji yenye tope inaishiwa nguvu, chuja kwanza. Usiuze kitu usichojua kinatibu nini.

Tunahitaji kibali gani, na maji yapimwe wapi?

Kabla ya kuchimba, nendeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Mwanza. Ndiyo inayosimamia vibali vya kuchimba na kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009, na ina kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa. Kumbukumbu hizo zinaweza kuwaokoa na shimo kavu. RUWASA wilaya nao wapewe taarifa, hata kisima kikiwa cha mtu binafsi anayetaka kuuza.

Kisima kikikamilika, peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mwanza, na uulize kwanza chupa ya namna gani na muda gani wa kufikisha, kwa sababu sampuli ya vijidudu iliyokaa juani haina maana. Omba wapime floraidi, hasa mpakani na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ikizidi kwa miaka meno ya watoto yanabadilika rangi. Karibu na wachenjuaji wa dhahabu, omba na zebaki. Kwenye vijiji vya pamba hakikisheni hakuna anayechotea maji dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia. Hakuna kuosha kunakolifanya lifae. Majibu ya maabara yakitoka, nakala moja ibandikwe gatini na nyingine apewe fundi aiweke kwenye faili la kisima hicho, na kipimo kirudiwe kila mwaka baada ya masika, wakati mafuriko yamepitisha uchafu wa juu.